KASI YA MAJI KUZAMA ARDHINI: KIPIMO CHA KUFANYWA KABLA YA KUCHIMBA KARO

(Maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Masheha, watumishi wa Serikali na wananchi)

Nimeitwa kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa juu juu linaonekana dogo, nalo ni namna ya kupima kasi ya maji kuzama ardhini. Kazi yenyewe haihitaji vifaa vya gharama. Chepe, mtaimbo, ndoo, rula na saa vinatosha. Lakini kipimo hiki ndicho kinachotuambia iwapo maji machafu tunayoyamwaga chini yatasafishwa na udongo, au yataturudia kwa njia ya kisima.

Naomba nianze kwa kukiri kosa langu. Nilipokuwa kijana kazini nilipelekwa kukagua kiwanja cha bwana mmoja aliyetaka kuchimba karo, katika kijiji cha ukanda wa mashariki wa Unguja. Tulimwaga ndoo tatu za maji katika shimo, na hata ndoo ya tatu hatujaiweka chini, maji yalikuwa yamekwisha. Nikaandika katika ripoti yangu kwamba ardhi ni nzuri na inanyonya vyema. Karo likajengwa. Baada ya miaka kadhaa nilipita tena hapo, na mwenye nyumba akanipokea kwa furaha: "Bwana afisa, karo lile halijapata kujaa hata siku moja." Jirani yake, bibi mmoja mtu mzima mwenye kisima upande wa chini, alingoja nimalize kusifiwa, kisha akaniambia: "Mwanangu, karo lake halijai kwa sababu linajaa kwangu. Siku wakifua, kisima changu hutoa povu."

Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba katika visiwa vyetu ardhi inayonyonya haraka mno ni ya kuogopwa kuliko ile inayonyonya polepole. Inayonyonya polepole hutuonya yenyewe, kwa kuwa karo hufurika na kila mtu akaona. Inayonyonya haraka haitoi onyo lolote. Ndilo neno moja ninalotaka mwondoke nalo leo.

ARDHI YETU NA MAJI YETU

Ndugu wananchi, kila mkulima hapa anajua kwamba ardhi ya visiwa hivi si ya namna moja. Katika sehemu za magharibi na kati ya Unguja kuna udongo wa kina kirefu: kichanga, kinongo chekundu, na mabondeni kinamo kinachoshika maji na kukubali mpunga. Upande wa mashariki na kusini ni uwanda, yaani mwamba wa matumbawe ya kale, ambapo udongo hupatikana katika mifuko midogo baina ya mawe. Pemba ina vilima na udongo wa kina sehemu nyingi, lakini nayo ina ukanda wake wa mawe.

Mwamba wa matumbawe si jiwe lililoziba. Maji ya mvua kwa maelfu ya miaka yameutoboa na kuufanyia nyufa, mifereji na mapango. Waliofika Mangapwani wameliona pango lenye maji baridi chini ya ardhi. Kadhalika, vijito kadhaa vya Unguja hupotea ndani ya mwamba kabla ya kuifikia bahari. Mahali kama hapo maji hayachujiki kupita baina ya chembe za udongo. Yanapita kama yapitavyo katika bomba.

Na maji hayo ndiyo tunayokunywa. Unguja hupata kiasi cha milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, nyingi katika masika na nyengine katika vuli. Hatuna mto mkubwa wala ziwa. Karibu maji yote tunayoyatumia ni ya visima na chemchemi, yaani mvua iliyozama. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipowaletea watu wa mjini maji ya bomba, aliyatoa katika chemchemi za upande wa Bububu, na chemchemi nazo ni maji ya ardhini yaliyojitokeza. Mamlaka ya Maji ya leo nayo hupiga pampu kutoka hukohuko chini. Hivyo basi, ardhi yetu inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ni ghala la maji ya kunywa, na ni mahali tunapozika maji machafu.

Hatari ya kuchanganya kazi hizo mbili tunaijua kwa msiba. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar wakati wa kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya maradhi hayo katika Afrika Mashariki. Kipindupindu kiliripuka tena visiwani mwaka 1978, na kimerejea mara nyingi baada ya hapo, ukiwemo mripuko ulioanza 2015 na kuendelea hadi 2016. Serikali iliandaa mpango wa kuyatokomeza maradhi haya kwa kipindi cha 2018 hadi 2027, na maji safi pamoja na vyoo bora ni nguzo za mpango huo. Sisemi kwamba kila mripuko ulitokana na karo. Nasema kwamba karo lililochimbwa mahali pasipofaa ni mlango mmojawapo, na mlango huo tunaweza kuufunga.

UDONGO UNAVYOSAFISHA MAJI

Maji machafu yakipita polepole katika udongo wenye hewa, mambo matatu hutokea. Kwanza, chembe za udongo huzuia uchafu kama chujio la tui. Pili, vijidudu vya maradhi hunata juu ya chembe hizo, na kwa kukosa chakula na joto la mwili wa mwanadamu, vingi hufa. Tatu, kwenye kuta za shimo hujijenga utando laini wa viumbe vidogo ambao huula uchafu na kupunguza mwendo wa maji. Yote matatu yanahitaji muda. Maji yakipita kwa dakika chache, hakuna kilichofanyika.

Hata hivyo, nisiwape matumaini ya kupita kiasi. Chumvi iitwayo naitreti, itokanayo na mkojo na kinyesi, hupita hata katika udongo mzuri, na kuchemsha maji hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita moja ya maji ya kunywa, khasa kwa ajili ya kuwalinda watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya chupa. Kwa hiyo kipimo nitakachokieleza ni kinga mojawapo, na hakiondoi haja ya kuweka masafa baina ya karo na kisima.

NAMNA YA KUPIMA

Katika miaka ya 1920, Henry Ryon, mhandisi wa Jimbo la New York nchini Marekani, alichimba vishimo vya upana wa futi moja, akavitia maji, na kuhesabu dakika zilizopita maji yakishuka inchi moja. Kisha akalinganisha hesabu hizo na makaro yaliyofanya kazi vizuri na yaliyoshindwa. Njia yake imerekebishwa katika nchi mbalimbali. Ninayowaelezea hapa ni ile inayofuatwa katika mwongozo wa majenzi wa England, kwa sababu ni rahisi kuikumbuka.

La kwanza: Chimba shimo kubwa la kuingia mtu, lishuke mpaka kina ambacho maji machafu yatatokea. Chini yake chonga kishimo cha sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 30. Kupima juu ya ardhi wakati maji yatatoka mita moja chini ni kujidanganya, kwani udongo wa juu na wa chini mara nyingi si mmoja. Kwaruza kuta zilizolainishwa na chepe, kwani chepe huupaka udongo wa kinamo na kuziba vitundu vyake, kisha toa mchanga uliopururika.

La pili: Jaza maji kishimo hicho. Kinachukua lita 27, sawa na ndoo kubwa na kidogo zaidi. Yaache yazame usiku kucha. Hatua hii watu wengi huiruka, nayo ndiyo roho ya kipimo. Udongo mkavu hunyonya kwa pupa, halafu kasi hupungua na kutulia. Mhandisi Robert Horton wa Marekani alilieleza jambo hili mwaka 1933. Karo litakuwa na maji kila siku, kwa hiyo tunataka kuijua kasi ya udongo ulioshiba.

La tatu: Siku ya pili jaza tena mpaka sentimita 30. Simamisha fimbo yenye alama mbili, moja kwenye sentimita 22 na nusu na nyengine kwenye sentimita 7 na nusu kutoka chini. Anza kuhesabu saa maji yakifika alama ya juu, na malizia yakifika alama ya chini. Hapo maji yameshuka milimita 150.

La nne: Geuza muda huo kuwa sekunde, kisha gawa kwa 150. Jawabu ni sekunde ambazo maji huchukua kushuka milimita moja. Rejea angalau mara tatu, katika vishimo visivyopungua viwili, na uchukue wastani. Usipime wakati wa mvua kubwa wala ukame mkali.

La tano: Shimo lisiachwe wazi usiku bila ya kufunikwa mbao na kuwekewa alama. Mtoto au mbuzi akitumbukia, faida yote ya kipimo imepotea.

KUSOMA JAWABU

Kwa mwongozo huo, jawabu likiwa baina ya 12 na 100, ardhi inaweza kufaa. Kwa saa ya mkononi, ni kusema kwamba maji yashuke milimita 150 kwa muda usiopungua dakika 30 na usiozidi saa 4 na dakika 10.

Tuchukue mifano mitatu. Kiwanja cha kwanza maji yameshuka kwa saa 1 na robo, yaani sekunde 4,500. Tukigawa kwa 150 tunapata 30. Kiwanja kinafaa. Ukubwa wa eneo la kunyonyea hupatikana kwa kuzidisha idadi ya watu kwa jawabu hilo, kisha kwa 0.25. Nyumba ya watu 6 itahitaji 6 mara 30 mara 0.25, yaani mita 45 za mraba. Hesabu hii imetungwa kwa matumizi ya maji ya huko Uingereza, kwa hiyo sisi tuitumie kama mwongozo tu. Hata hivyo inatufunza kwamba shimo moja jembamba na refu si badala ya eneo pana lililo karibu na juu.

Kiwanja cha pili maji yameshuka kwa saa 5, yaani sekunde 18,000, na jawabu ni 120. Hapo ni polepole mno na karo litafurika, khasa masika.

Kiwanja cha tatu maji yameshuka kwa dakika 15, sekunde 900, na jawabu ni 6. Zamani mimi ningesema hiki ndicho bora kuliko vyote. Leo nasema hiki ndicho cha kusimamisha kazi, kwa sababu maji yatateremka kabla hayajasafika.

Naomba jawabu hili lisichanganywe na lile la mabwana shamba. Mkulima hupima maji yanavyoingia kwenye uso wa konde, kwa mapete mawili ya chuma yaliyopigwa ardhini, la ndani kwa kawaida la sentimita 30 na la nje sentimita 60. Maji hutiwa yote mawili, na husomwa la ndani tu, kwa kuwa la nje huzuia maji ya ndani yasikimbilie pembeni. Kwa kipimo hicho udongo wa kichanga ulioshiba hupitisha zaidi ya milimita 30 kwa saa, na kinamo baina ya 1 na 5. Katika kishimo chetu maji hupita pia kwenye kuta na husukumwa na uzito wake, ndiyo maana hesabu zake ni kubwa zaidi.

MAMBO AMBAYO KISHIMO HAKISEMI

Kishimo cha sentimita 30 kinaweza kuangukia mfuko wa udongo mzuri, na hatua mbili tu pembeni kuna ufa unaokwenda moja kwa moja pangoni. Kwa hiyo, pamoja na kipimo, shimo la uchunguzi la kina cha mita 2 hivi lichimbwe, na kuta zake zitazamwe kwa macho. Likionesha mwamba wenye nyufa, jawabu zuri la kishimo lisitumike. Baada ya masika shimo hilo lituonyeshe pia maji ya ardhini yamepanda mpaka wapi. Kanuni inayokubalika sana ni kwamba chini ya choo kuwe juu ya maji ya ardhini kwa angalau mita 1 na nusu, na choo kiwe mbali na kisima kwa angalau mita 30. Kwenye mwamba wenye nyufa hata mita 30 hazitoshi kumtuliza mtu, kwa kuwa ufa hauhesabu hatua.

Je, mwenye kiwanja cha mawe afanye nini? Hatumwambii aishi bila ya choo. Anaweza kujenga karo lililozibwa chini na ubavuni, linalonyonywa na gari kila likijaa. Anaweza kutandaza juu ya mwamba tuta la mchanga na udongo ulioletwa, maji yakasafika humo kabla ya kuligusa jiwe. Anaweza pia kuchagua choo kikavu, ambacho hakitii maji ardhini. Majirani wenye viwanja vidogo wanaweza kushirikiana karo moja lililojengwa vyema. Kila njia ina gharama yake, na sitawaficha kwamba karo lililozibwa ni ghali zaidi kulichimba na kulitunza. Lakini gharama ya karo lisilojaa ipo pia. Tofauti ni kwamba hulipwa na jirani.

MAOMBI

Kwa Waheshimiwa Masheha, naomba kila anayekuja kuarifu kwamba anajenga aulizwe jambo moja: maji yameshuka kwa muda gani? Jawabu liandikwe daftarini pamoja na tarehe, hali ya hewa, kina cha kishimo, namna ya udongo, hesabu zote tatu, na masafa ya visima vilivyo karibu. Baada ya miaka michache shehia itakuwa na ramani ya ardhi yake kuliko itakayoletwa na mgeni yeyote.

Kwa watumishi wenzangu, naomba tusiandike "ardhi inanyonya vyema" bila ya nambari. Maneno hayo niliyaandika mimi, na nimewaeleza yalivyokuwa.

Kwa walimu wa skuli, kipimo hiki ni somo zuri la hesabu na sayansi, na wanafunzi wanaweza kukifanya katika kiwanja cha skuli kwa siku mbili.

Kwa mafundi na wenye nyumba, naomba usiku mmoja tu wa kusubiri udongo ushibe. Karo hukaa miaka mingi kuliko aliyelichimba.

Mheshimiwa Mwenyekiti, yule bibi alikwishaacha kunywa maji ya kisima chake kabla sijarudi kijijini. Alikuwa akitembea kufuata maji ya kunywa kwa jamaa zake upande wa pili wa kijiji, na kisima chake akakiachia kazi ya kumwagilia. Hakumshitaki mtu. Lakini kila ninaposimama juu ya kishimo nikitazama maji yakishuka, humkumbuka. Maji yakikimbia mno, huacha kuitazama fimbo, nikauliza kwanza: kisima cha jirani kiko wapi?